Mkufu wa Mke wa Kitasa

Kitasa hakuwa na ugomvi na mtu yeyote duniani isipokuwa mkewe, na ugomvi wenyewe ulikuwa mmoja tu, ule ule, tangu wakiwa vijana mpaka siku alipomzika. Ulikuwa ugomvi wa mkufu. Kitasa alitaka kujua kwa nini mkewe hauvai, na mkewe hakuwahi kumpa jibu la kueleweka.

Kitasa si jina la kuzaliwa. Alilipata kazini, kwenye jengo kubwa la ofisi lenye milango mizito ya mbao, ambako aliajiriwa kusugua shaba. Na shaba humo ilikuwa kila mahali: vitasa, bawaba, reli za ngazi, vibao vya majina ya wakubwa, hata ile kengele ya mapokezi ambayo wageni waliigonga huku mpokeaji kakaa mbele yao anawatazama. Shaba ya manjano ina tabia mbaya. Ukiigeuzia mgongo kidogo tu inafifia, ukizidi kuizembea inakuwa nyeusi, halafu inaota ukungu wa kijani. Kitasa alipiga magoti mbele ya kila mlango, akapaka dawa, akangoja ikauke iwe kama unga, kisha akasugua kwa mkono mzima kuanzia begani. Akimaliza mlango wa mwisho juu kabisa, ule wa kwanza chini umeshashikwashikwa na watu mpaka umefifia, basi anaanza upya. Wenye ofisi walipita wakimruka miguu. Hakuna aliyemwita kwa jina lake halisi, na yeye mwenyewe akaja kulizoea lile walilompa.

Kama kulikuwa na kitu cha kumvimbisha kichwa, ni kwamba yeye ni mtu wa madini. "Nifunge macho, unipe chochote cha chuma, nitakwambia ni nini kwa kunusa tu," aliwatambia walinzi saa ya chai. Walinzi walimtega kwa misumari, funguo na vijiko. Alipatia mara nyingi, na alipokosea alisema ana mafua. Shaba hasa aliijua kama anavyojua jasho lake, maana harufu yake ilimganda vidoleni na haikutoka hata aoge mara ngapi.

Ndiyo maana, mwaka ule alipooa, alipoingia duka la vito kumtafutia mkewe zawadi, aliingia kifua mbele. Muuzaji alimsikiliza akijisifu, akamsoma, akamvisha kilemba cha ukoka. "Kwa mjuzi kama wewe, kaka, siwezi kuthubutu kutoa takataka." Akamletea mkufu mwembamba wenye kidani cha umbo la jani, na jani lenyewe lilichorwa mishipa midogo midogo kama jani la kweli. Kitasa aliuinua mpaka puani, akanusa, akanusa tena. Haukunuka kitu. Dhahabu hainuki, hilo kila mtu wa madini analijua. Akaununua pale pale.

Mkewe aliuvaa mbele ya kioo kidogo cha ukutani, akakishika kidani kwa vidole viwili, machozi yakamtoka. Kitasa akasimama nyuma yake, kanyooka kama bendera. Jioni hiyo hiyo mtaa mzima ulijua. "Dhahabu ya kweli," aliwaambia majirani, "si hizi za kuchovya mnazouziwa nyinyi."

Mwaka wa kwanza aliuvaa kama mumewe alivyotaka: sokoni, jikoni, akifua, hata akilala. Kisha akajifungua binti yao, wa kwanza na wa mwisho, na muda si mrefu mambo yakabadilika. Akirudi kutoka matembezini, kabla hajavua viatu, anavua mkufu. Akitaka kupika, hata kubandika maji ya chai tu, mkufu haupo shingoni. Akitaka kuoga anauvua, akitaka kufua anauvua. Anaufuta kwa kitambaa laini, polepole, pingili kwa pingili, kama mtu anayemfuta uso mtoto aliyelala, kisha anauviringisha ndani ya kitambaa hicho na kuuweka kwenye kopo la bati lililokuwa la biskuti, juu ya kabati la nguo. Ndani ya kopo kulikuwa na kipande cha chaki. Kitasa alikiona siku moja, akadhani ni mchezo wa mtoto, akakitupa. Alipokuja kuangalia tena, kulikuwa na kingine.

"Mama, huu mkufu unaumwa?" aliuliza. "Maana kila saa naona umelazwa."

"Umelala tu, baba. Uache upumzike."

Siku hizo walicheka. Baadaye utani ukachacha. Wakialikwa mahali, Kitasa anakuwa keshavaa viatu na kusimama mlangoni, na mkewe, akishajipulizia marashi, anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani.

"Unangoja nini sasa?"

"Marashi yakauke."

"Kwani wewe ukuta, umepakwa rangi?"

Alingoja yakauke, ndipo akafungua kopo. Mkufu ulikuwa wa mwisho kuvaliwa, na wakirudi ndio wa kwanza kuvuliwa. Kitasa alitazama wanawake wa majirani, wake za watu wa kawaida kabisa, wanapika na kufua na bangili zao mikononi, akajiuliza mkufu wake una kasoro gani. Moyoni alishapata jibu, ila hakutaka kulisema kwa sauti: mke hajivunii mume wa kupiga magoti, na kisichojivuniwa hakivaliwi. Hata fulana zake za ndani zilikuwa zinapotea moja moja, na mkewe akiulizwa anasema zimechakaa. Kitasa alimshuku shemeji yake kwa muda mrefu, masikini shemeji wa watu, ambaye mwili wake usingeingia kwenye fulana za Kitasa hata kwa kusukumwa.

Mambo yalilipuka siku ya kumuaga kazini. Ofisi ilimfanyia hafla ndogo uani, viti vya plastiki na turubai. Mkewe alikuja na gauni la samawati na mkufu shingoni, na Kitasa akamzungusha kwa wakubwa mmoja mmoja. Kwa mara ya kwanza walimpa mkono wakiwa wanamtazama usoni. Mkubwa wao alipoanza hotuba, manyunyu yakaanza. Watu walisogea chini ya turubai, na hapo, katikati ya sifa za Kitasa, mkewe alipeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua mkufu, akaufunga kwenye leso, akautia mkobani. Mama mmoja wa ofisini alimkonyeza mwenzake. Kitasa aliliona konyezo lile, na hotuba yote iliyobaki hakuisikia.

Nyumbani hakungoja hata mlango ufungwe. "Umenivua nguo mbele za watu."

"Baba, mvua ilikuwa inaanza."

"Dhahabu inaiogopa mvua? Nani anamfundisha nani madini katika nyumba hii? Dhahabu ukiizika chini, wajukuu wa wajukuu wakaichimbua, wataikuta inang'aa vile vile! Sema tu huutaki. Sema huutaki kwa sababu aliyekupa ni msugua vitasa."

Mkewe alimtazama. Mdomo ulifunguka kama wa mtu aliyefika mwisho wa kuvumilia, kisha ukafumba. "Nautaka kuliko unavyojua," alisema.

"Ungeutaka ungeuvaa."

Akanuna. Alinuna mpaka binti yao, ambaye alishaolewa mji mwingine, ikabidi apande basi kuja kuwapatanisha, na hata walipopatana, Kitasa alibaki na kinyongo kama mfupa wa samaki kooni. Mkufu haukutajwa tena, na katika nyumba yenye watu wawili tu, kitu kisichotajwa huchukua nafasi kubwa.

Halafu mkewe akaugua. Ilianza homa ya kwenda na kurudi, ikaja homa ya kukaa. Siku ya kupelekwa hospitali, gari la jirani liko nje linanguruma, Kitasa alipanda juu ya kigoda akashusha kopo. Alikuwa na hofu, na hofu ilimfanya asahau ukali wote. "Vaa, mama," alisema. "Leo tu. Waone huko kwamba una mwenyewe."

Mkewe aliuangalia mkufu mkononi mwa mumewe, muda mrefu kidogo. Shanga za jasho zilimjaa shingoni. "Natoka jasho sana, baba," alisema. "Uweke."

Ndivyo alivyoondoka, shingo tupu, na ndivyo alivyorudishwa.

Watu walikuja, walilia, walikaa, wakatawanyika. Kitasa alibaki na vyumba viwili na sauti ya bomba linalovuja. Alimlilia mkewe kila alipoamka, lakini ndani ya kilio hicho kulikuwa na kidonda kingine alichoona aibu kukisema: kwamba hata ukingoni mwa kaburi mwanamke huyu aliukataa mkufu wake. Kumpoteza kulimuuma. Kumpoteza bila kujua kama alimheshimu kulimuuma zaidi, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Ndipo binti akapiga simu. Angekuja Jumamosi kuzichambua nguo za mama yake, maana baba alishindwa hata kufungua kabati. "Na ule mkufu wa mama, baba," aliongeza. "Nautaka mimi. Ila naomba usiuguse. Nitakuja nishughulike nao mwenyewe."

Kitasa alikata simu roho ikimchemka. Usiuguse! Alioununua asiuguse! Binti naye kaanza ya mama yake. Basi angemwonyesha. Akija Jumamosi angeukuta mkufu unawaka kama siku ulipotoka dukani, na angejua baba yake ni nani. Hicho ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha kumpa mtoto wake, na alitaka akitoe kwa mkono wake, kikiwa kimetakata.

Aliketi nyuma ya nyumba, mchana kweupe, kopo miguuni. Mkufu ulikuwa umefifia kidogo tu, kidogo kama macho ya mtu aliyelala vibaya. Chini ya kitanda alikuwa na mkebe wa dawa ya shaba aliokuja nao siku ya kustaafu. Dawa inayong'arisha shaba, alijiambia, itashindwaje na dhahabu? Akapaka. Akangoja ikauke iwe kama unga. Kisha akasugua, kwa mkono mzima, kuanzia begani, kama alivyosugua maisha yake yote. Alisugua kwa mapenzi na kwa hasira, machozi yakimdondokea magotini, na kitambaa kikawa cheusi. Akageuza upande safi. Ukawa mweusi nao.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilipanda kutoka mapajani mwake, ikamfika puani, na mkono ukasimama wenyewe. Ilikuwa harufu ya reli za ngazi, ya vibao vya majina, ya vidole vyake mwenyewe saa ya kula. Kitasa alikileta kidani karibu na jicho. Kilikuwa kinang'aa sana, kwa manjano makali, manjano ya kitasa cha mlango. Pembezoni, kwenye mikunjo ambayo kitambaa hakikufika, yalibaki mabaka ya rangi nyingine, tulivu zaidi. Ile ndiyo ilikuwa dhahabu. Na mishipa ya jani, ile iliyochorwa kwa mkono mwepesi, alikuwa ameifuta yote.

Alikaa pale mpaka kivuli cha ukuta kikamfunika. Mtu wa madini! Alipigwa changa la macho akiwa kijana, akalitangaza mtaa mzima, na sasa kama si kujisifu kwake mkufu ungekuwa mzima. Wazo lililokuja baadaye lilikuwa moja: Jumamosi binti anakuja.

Asubuhi yake aliufunga mkufu kwenye kile kitambaa cha kopo, akaenda mjini. Sonara wa kwanza aliutazama mara moja tu. "Hii si dhahabu, mzee. Ni shaba ya kuchovya, dhahabu ni gamba la juu tu. Kazi hizi nenda kwa Fundi Miwani, nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwingine hapa mjini hayupo."

Fundi Miwani alikuwa mzee mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, na kila alipotaka ile ya paji aliitafuta mezani kwanza. Kibanda chake kilikuwa na dirisha moja, meza iliyoungua ungua, na mabakuli ya maji ya dawa yenye nyaya juu yake. Kitasa alikifungua kitambaa. Fundi aliinama, akabadilisha miwani, akashtuka.

"Huu si mkufu wa Mama Taratibu?"

"Mama nani?"

"Mteja wangu. Mimi ndiye niliyempa jina hilo, sijaona mtu mwenye mkono wa taratibu kama ule. Hajambo? Mwaka huu kachelewa kuuleta." Kisha akakiona kidani, na uso wake ukabadilika. "Lahaula! Nani kausugua hivi? Yeye hawezi kufanya hivi. Huyu ni mtu kasugua lango la chuma!"

"Ni mimi," alisema Kitasa. "Ni mume wake. Yeye tumemzika."

Fundi alivua miwani zote mbili. Alivuta kigoda akampa mgeni, naye akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Alikuja hapa mara ya kwanza na mtoto mgongoni," fundi alisema. "Mkufu umeanza kubanduka hapa kwenye kifungo, umemwachia alama ya kijani shingoni. Nikamwambia, dada, umeuziwa shaba. Hakushangaa sana. Aliniuliza jambo moja tu: unaweza kuurudisha ulivyokuwa, mume wangu asijue?"

"Asijue," Kitasa alirudia.

"Nikamwambia naweza kuuchovya upya, lakini gamba lenyewe ni jembamba kuliko ganda la kitunguu. Jasho linaula. Marashi yanaula. Mvua, sabuni ya kufulia, mvuke wa sufuria, vyote vinaula. Ukitaka udumu, nikamwambia, uwe wa mwisho kuvaa na wa kwanza kuvua. Ukiuvua uufute kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni laini, uukaushe, uulaze peke yake. Wateja wote nawaambia hivyo, wanaitikia, kesho wanaoga nao. Yeye alishika kila neno."

Kitasa aliyaona yote. Alimwona ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, marashi yanakauka, na yeye mlangoni anamwita ukuta. Aliyaona manyunyu juu ya turubai. Aliona shanga za jasho. Natoka jasho sana, baba. Uweke.

"Na chaki?" aliuliza.

"Inanyonya unyevu ndani ya kopo."

"Niliitupa. Nikadhani ya mtoto."

"Aliniambia," fundi alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu kidogo. "Alicheka sana. Na kitambaa nilimwambia kiwe cha pamba iliyofuliwa mpaka ikachoka, maana kipya kinakwaruza. Akasema, basi, fulana za mume wangu."

Kitasa aliangalia mezani. Kile kitambaa alichokuja nacho kilikuwa na upindo wa shingo ulioshonwa mara mbili, na doa la dawa ya shaba ambalo halikutoka. Alikuwa amekishika njia nzima na hakukitambua. Akaweka kiganja juu yake.

"Kwa nini hakuniambia?" alisema. "Ningekasirika siku mbili, tatu, yakaisha. Mimi nimemsema maisha yake yote. Kwa nini akakubali nimseme?"

Fundi alisita, kama mtu anayepima kama neno ni lake la kutoa. "Na mimi nilimuuliza. Nilimwambia, dada, mwambie mumeo ukweli upumzike. Akanijibu: mume wangu anashinda amepiga magoti kwenye milango ya watu. Siku aliyoniletea mkufu huu alisimama wima. Nikimwambia, nitamrudisha chini mimi mwenyewe."

Hapo Kitasa alijaribu kujikaza kisabuni, akashindwa. Alilia kwenye kibanda cha mtu asiyemjua, na fundi akainuka akafunga dirisha ili wapita njia wasione.

Baadaye fundi aliugeuzageuza mkufu chini ya taa. Rangi angeirudisha, alisema, na Ijumaa ungekuwa tayari. "Lakini mishipa ya jani siwezi. Umeila shaba yenyewe. Jani litabaki laini." Kitasa aliitikia kwa kichwa. Alipofika mlangoni fundi akamwita. "Mzee. Miaka ya karibuni alikuwa anakuja na binti yake. Yule anajua kila kitu."

Jumamosi binti alifika kabla ya saa sita, na begi tupu la nguo. Walikunywa chai. Walifungua kabati pamoja, wakakunja gauni moja moja, na walipofika kwenye lile la samawati kila mmoja akatazama pembeni. Kazi ilipokwisha, Kitasa alipanda juu ya kigoda, akashusha kopo, akamkabidhi.

Binti alijifuta vidole kwenye sketi kwanza. Kitasa aliliona hilo. Binti alifungua kopo, akakunjua kitambaa, akauinua mkufu kwa kifungo, bila kuubana. Ulikuwa umetulia, rangi ile ile tulivu ya siku ya kioo cha ukutani. Kidole gumba chake kikapita juu ya jani. Kikasimama. Kikapita tena, polepole, kikitafuta mishipa ambayo haikuwepo. Akainua macho, akaitazama mikono ya baba yake, vile vidole vyenye weusi kwenye kucha.

Kitasa alingoja. Kama angeulizwa angesema yote, angepiga hata magoti.

"Umetakata, baba," binti alisema.

"Dhahabu haichakai," alisema Kitasa.

"Ndiyo, baba. Dhahabu ya kweli haichakai." Alisema kwa upole mkubwa, kwa sauti ile ile ya mama yake, na Kitasa akaelewa jinsi alivyodanganywa miaka yote hiyo, na jinsi ilivyokuwa raha kudanganywa hivyo.

"Vaa basi nikuone."

"Nitauvaa nikifika. Sasa hivi kuna jua, nitatoka ja..." Akajikatiza. "Njiani kuna wezi, baba."

"Kuna wezi," alisema Kitasa. "Uweke."

Binti alipokuwa anafunga begi, baba yake aliingia chumbani. Alirudi na fulana yake, ile nzuri iliyobaki, iliyofuliwa mpaka unaona mkono upande wa pili. Akachukua mkasi, akakata kipande cha mraba mgongoni, akakikunja, akakiweka ndani ya kopo juu ya mkufu.

"Kile kingine kimechoka," alisema. "Niachie mimi."

Binti alimshika baba yake mkono, akaukandamiza shavuni, vidole vyenye harufu ya shaba, akabaki hivyo mpaka basi lilipopiga honi barabarani.

Nyumba ilipotulia, Kitasa alirudi chumbani. Juu ya kabati kulikuwa na vumbi, na katikati ya vumbi duara safi, pale kopo lilipokaa miaka yote. Mkono wake ulienda wenyewe kulifuta, mkono wa kazi usiojua kuacha kitu, lakini akaurudisha. Aliketi upande wa kitanda aliokuwa akilala mkewe, kile kipande cha fulana kuukuu kikiwa kiganjani.

"Mama," alisema, "uliutaka."

Miaka yote alikuwa amelisema kama swali, na kwa hasira. Sasa alikuwa hamuulizi tena, na sasa ndipo alipotaka amsikie akijibu. Akajilaza kwenye mto wa mkewe, akajifunika uso kwa kile kitambaa, akalia kwa sauti, mzee mzima, mlango ukiwa wazi.